Damu ya Jana, Kesi ya Leo

Mazungumzo ya afisa wa uhusiano wa polisi na wanafunzi, wazee na wananchi wa pande zote mbili za mpaka



Mmezoea kutuona tukisimama mbele yenu kuzungumza juu ya magendo, wizi wa mifugo, bangi, au watoto wanaovushwa mpaka bila idhini ya wazazi wao. Leo tumekuja na vitabu. Walimu wa shule hii walituomba tuzungumze na wanafunzi kuhusu riwaya za upelelezi, wakidhani pengine kwamba polisi ndiye mtu afaaye kusema iwapo yaliyomo humo ni ya kweli. Tuliwajibu kwamba tutakuja kwa sharti moja, nalo ni kwamba wazee nao waalikwe. Mtatuelewa kabla hatujafika mwisho.

Riwaya za upelelezi ni nyingi, na aghalabu huuliza swali moja: usiku wa jana nani alikuwa wapi? Lakini liko tawi moja la riwaya hizo ambalo huuliza zaidi ya hilo. Katika tawi hili maiti ya leo ni kilele tu cha kisa cha zamani. Mpelelezi hupima nyayo, hukusanya maelezo, huwahoji majirani, na bado haoni njia, mpaka atakapouliza yaliyotokea miaka kumi, ishirini au arubaini iliyopita. Hapo ndipo mlango hufunguka. Riwaya za namna hiyo ndizo tunazotaka kuzizungumzia, kwa sababu katika kazi yetu ya mpakani hazitofautiani sana na majalada yaliyomo kabatini mwetu.

Mzizi wa tawi hili

Kijana apendaye hadithi hizi huenda anamjua Sherlock Holmes. Kisa chake cha kwanza kabisa, alichokitunga Arthur Conan Doyle na kikachapishwa mwaka 1887, ni cha namna tunayoisema. Mtu anakutwa amekufa katika nyumba tupu mjini London. Mwilini hana jeraha, lakini ukutani pameandikwa kwa damu neno la Kijerumani lenye maana ya kisasi. Polisi wa London wanahangaika huku na huko wakitafuta adui wa jana, na hawampati, kwa sababu adui si wa jana. Chanzo kiko ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Utah huko Marekani, ambako miaka mingi kabla yake mzee mmoja aliuawa, na binti aliyemlea akaozwa kwa nguvu, akafa kwa majonzi. Mchumba wa binti yule aliwafuata wakosaji nchi baada ya nchi kwa takriban miaka ishirini, mpaka akawapata London, naye akiendesha gari la farasi la kukodi kama madereva wengine wa mji ule.

Tunaomba mzingatie mambo mawili katika kisa hicho. La kwanza ni kwamba mhalifu alivuka mipaka akidhani mpaka ni ukuta, kumbe aliyemkosea naye ana miguu. La pili ni kwamba mlipiza kisasi hakufika mbele ya hakimu. Alikuwa mgonjwa, akafa rumande kabla kesi haijasikizwa. Kwa hiyo kilio cha yule mzee na binti yake hakikupata kusikilizwa mahakamani hata siku moja, si kwa kosa la kwanza wala kwa kosa la pili. Msomaji hufunga kitabu akiwa ameridhika, kwa kuwa amejua siri. Sisi tulio katika kazi hii twafunga kitabu hicho tukijiuliza: siku ile mzee alipouawa huko nyikani, aliyeona angekwenda kumweleza nani?

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili, baba wa riwaya hizi ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye kitabu chake cha Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960. Mtu anakutwa ameuawa mahali penye mzimu, pale ambapo watu wanaogopa kupita. Ingekuwa rahisi kusema wafu wa kale wamekasirika, na shauri likaishia hapo. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali. Anatafuta aliye hai, naye anampata kwa kuchambua siri za watu walio hai na uhusiano wao. Tangu hapo Waswahili wamekuwa na mpelelezi wao, na funzo lake la kwanza ni kwamba mzimu hauui mtu. Wanaoua ni watu, na watu wana visa.

Funzo hilo lina kazi hata leo. Mara ngapi tumefika mahali palipotokea kifo tukaambiwa ni laana ya ukoo, au ni uchawi wa mji fulani? Nasi tukichunguza, tukakuta kwamba hiyo inayoitwa laana ni ugomvi wa ardhi ambao kila mtu anaujua, ila hakuna anayetaka kuutaja mbele ya polisi.

Moto wa Ilmorog

Sasa tuje karibu zaidi na nyumbani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alichapisha mwaka 1977 riwaya iitwayo Petals of Blood. Watu wengi huisoma kama kitabu cha siasa, na ni kweli siasa imo tele. Lakini yafungueni maneno yake ya kwanza, nanyi mtakuta polisi wanagonga milango. Wakubwa watatu wa kampuni ya pombe wameteketea kwa moto katika mji wa Ilmorog. Mwalimu mmoja, muuza duka mwenye mguu mmoja na kijana wa chama cha wafanyakazi wanakamatwa, na mwanamke mwenye nyumba yuko hospitalini. Inspekta kwa jina Godfrey anampa mwalimu karatasi na kalamu, anamwambia aandike.

Mwalimu anapoandika, hawezi kuanza na usiku wa moto. Anarudi nyuma miaka kumi na miwili. Na wengine wanapokumbuka, wanarudi nyuma zaidi, mpaka enzi za vita vya Mau Mau, mpaka siku ambayo mtu mmoja alimsaliti mwenzake kwa wakoloni, msalitiwa akanyongwa, na msaliti akaishi, akatajirika, akawa bwana mkubwa. Kumbe mmoja wa wale walioteketea ndiye msaliti yule. Na miongoni mwa waliokamatwa yumo ndugu wa aliyenyongwa, yumo pia rafiki yake.

Hatutamtaja aliyewasha moto. Wanafunzi wasome wenyewe. Tutasema jambo moja tu, kwa kuwa ndilo lenye faida kwetu: mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kuua siye aliyewasha moto ule. Hapo mwandishi anatuonya sisi polisi, na anawaonya ninyi wananchi. Kujua kisa cha zamani ni kupata njia ya kuuliza. Si kupata jibu. Mtu kuwa na uchungu hakumfanyi kuwa mwuaji, na mtoto wa mkosaji hakurithi kosa kama anavyorithi shamba.

Twasema hivyo kwa sababu tumewahi kuitwa usiku kwenye kijiji ambacho vijana walikuwa wamekwisha kuizingira nyumba ya mtu, mawe mkononi. Ng'ombe walikuwa wameibwa, na ushahidi wote waliokuwa nao juu ya mtu yule ulikuwa kwamba babu yake aliwahi kuwa mwizi wa ng'ombe. Tulimtoa hai kwa taabu. Wezi wenyewe walipatikana baadaye, na hawakuwa wa ukoo ule wala wa kijiji kile.

Shujaa mlangoni

Mukoma wa Ngugi, mwana wa huyo Ngũgĩ, naye ameandika riwaya ya upelelezi, Nairobi Heat. Inaanzia mbali sana, katika mji wa Madison, Wisconsin, huko Marekani. Msichana amekutwa amekufa kwenye baraza la nyumba ya profesa mmoja Mnyarwanda, mtu anayeheshimiwa duniani kote kwa kuwa aliwaokoa watu katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mpelelezi wa Marekani, mtu mweusi aitwaye Ishmael, hana pa kushika. Kisha anapigiwa simu na mtu asiyejitaja, akiambiwa kwamba akitaka ukweli aende Nairobi, kwa sababu ukweli wa kifo kile uko katika mambo yaliyopita.

Anasafiri. Anapewa mwenzake, mpelelezi wa Kenya, na wawili hao wanaanza kumchimbua shujaa. Swali linageuka. Halipo tena kwamba ni nani aliyemwua msichana wa Madison. Sasa ni kwamba mtu huyu tunayemwita mwokozi alifanya nini hasa mwaka ule wa 1994, na nani anafaidika ikiwa hatuulizi?

Sisi wakaaji wa eneo hili la Maziwa Makuu hatuna haja ya riwaya kutufundisha kwamba mtu huweza kuvuka mpaka akiwa na jina moja akatokea upande wa pili na jina jingine. Mwezi Mei mwaka 2023, Fulgence Kayishema, anayeshtakiwa kuhusika na mauaji ya watu waliokimbilia kanisa la Nyange nchini Rwanda mwaka 1994, alikamatwa Paarl, Afrika Kusini, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kutafutwa. Félicien Kabuga alikamatwa karibu na Paris mwezi Mei mwaka 2020, naye pia baada ya zaidi ya miaka 20. Lakini mwaka 2023 majaji waliona kwamba afya ya mzee huyo hairuhusu tena kesi yake kuendelea, na kesi ikasimama bila hukumu.

Tafadhali mlipime jambo hilo kwa makini. Sheria inaweza kumngojea mshukiwa, lakini mwili haungoji. Mashahidi huzeeka, husahau, hufa. Washukiwa nao vivyo hivyo. Katika riwaya, ukweli hupatikana kurasa chache kabla ya mwisho, na wahusika wote wangali na akili zao timamu. Katika maisha, ukweli uliocheleweshwa mara nyingi hufika mahakamani ukiwa hauna tena mtu wa kuusimulia.

Kitabu kinachotuhusu sisi wenye sare

Tumekiacha mwisho kitabu kigumu kuliko vyote kwetu, nasi tulishauriana kama tukitaje au tukiache. Tumeamua kukitaja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mfaransa Didier Daeninckx aliandika riwaya iitwayo Meurtres pour mémoire. Kijana mwanahistoria anauawa kwa risasi mjini Toulouse, alipotoka kusoma kumbukumbu za serikali. Inspekta Cadin anapochunguza anagundua kwamba baba wa kijana huyo, mwalimu wa historia, aliuawa naye kwa risasi mjini Paris, miaka ishirini iliyotangulia, mwanawe akiwa bado hajazaliwa. Usiku wa kifo chake ulikuwa usiku wa tarehe 17 Oktoba 1961.

Usiku huo haukubuniwa na mwandishi. Waalgeria waliokuwa wakiishi Paris waliandamana kwa amani kupinga amri ya kuwakataza kutoka nje usiku. Polisi wa mji walishambulia. Watu walipigwa risasi, walipigwa rungu, wengine wakatupwa katika mto Seine. Kwa miaka mingi serikali ilikiri vifo vya watu wachache mno. Wanahistoria wanahesabu makumi, na baadhi yao zaidi ya mia moja. Ilikuwa mwaka 2012 ndipo Rais François Hollande alipokiri hadharani, kwa niaba ya taifa, kwamba damu ilimwagika katika ukandamizaji ule.

Katika riwaya, mwalimu hakuuawa kwa bahati mbaya katika vurugu zile. Mtu alimngoja. Vurugu zilikuwa pazia tu. Mwalimu alikuwa akiandika historia ya mji aliozaliwa, Drancy, mahali palipokuwa na kambi ambamo Wayahudi wa Ufaransa walikusanywa wakati wa Vita Vikuu vya Pili kabla ya kupelekwa kuuawa. Katika karatasi alizozikuta kulikuwa na nyayo za afisa mmoja wa serikali, ambaye baada ya vita aliendelea kupanda cheo kana kwamba hakuna lililotokea. Baba akauawa ili karatasi zinyamaze. Mwana alipozifungua tena, naye akauawa. Kosa moja likazaa la pili, na la pili likazaa la tatu, ndani ya miaka arubaini.

Wasomaji wa Ufaransa walimtambua mtu aliyefanana na afisa yule. Maurice Papon, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Paris usiku ule wa Oktoba 1961, alikuwa afisa wa serikali mjini Bordeaux wakati wa vita. Mwaka 1998 mahakama ilimtia hatiani kwa kushiriki katika kuwakamata na kuwasafirisha Wayahudi kati ya mwaka 1942 na 1944, ikamhukumu kifungo cha miaka 10. Tangu yale makosa mpaka hukumu ilipita zaidi ya nusu karne.

Kwa nini polisi awasimulie wananchi habari ya polisi waliotenda uovu? Kwa sababu ninyi hamna kumbukumbu fupi. Upande huu wa mpaka Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi ya polisi tangu enzi za ukoloni, na wako wazee hapa ambao neno lao la kwanza la Kiswahili walilisikia kinywani mwa mtu mwenye bunduki, naye hakuwa amekuja kuwasaidia. Mzee wa namna hiyo hatakuja kituoni kueleza alichokiona mwaka fulani kwa sababu tu afisa kijana amemwita kwa adabu. Tukitaka atueleze ya zamani, ni lazima tukubali kusikia na yale ya zamani yanayotuhusu sisi. Hatuwezi kuomba kumbukumbu nusu.

Kuna na jambo la kiufundi ambalo kitabu hicho kinalionyesha wazi: penye ghasia, mwenye kisa chake hujificha. Asubuhi baada ya uvamizi wa wezi wa mifugo, au baada ya fujo za uchaguzi, maiti zote huandikwa kwa sababu moja. Fulani aliuawa na wavamizi. Nani atauliza kama miongoni mwa waliokufa yumo mmoja aliyeuawa na jirani yake, kwa ajili ya kisa kingine kabisa? Aulizaye ni mtu anayekijua kijiji. Yaani ninyi.

Karatasi iliyofungwa katika kanga

Baada ya vitabu, tuwasimulie kisa chetu wenyewe. Kilitokea katika kituo ambacho hatutakitaja, mbali kidogo na hapa, miaka kadhaa iliyopita.

Siku ya soko, kijana mmoja alimkata mwenzake kwa panga mbele ya watu, na mwenzake akafa papo hapo. Kwetu ilikuwa kesi nyepesi. Mashahidi walikuwepo, panga lilikuwepo, na kijana hakukimbia. Maelezo yaliandikwa kabla ya jua kutua, na tulijihesabu kuwa tumefanya kazi nzuri.

Kesho yake mama wa yule mshtakiwa akaja kituoni. Hakulia, wala hakuomba dhamana. Aliketi kwenye benchi tangu asubuhi mpaka tulipompa nafasi. Ndipo akafungua fundo la kanga yake, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mpaka mikunjo yake imetoboka, akakiweka mezani. Kilikuwa na namba ya kumbukumbu ya kitabu cha kituo, kituo chetu hicho hicho, ya miaka kumi na mmoja nyuma.

"Wanangu," akasema, "hii ndiyo kesi ya kwanza. Mliiandika ninyi. Nimekuwa nikingoja mnirudishie jibu."

Mumewe alikuwa ameuawa usiku, kwa ugomvi wa kamba moja ya shamba na mti uliokuwa alama ya mpaka. Alikuja kuripoti, akaandikiwa namba. Shahidi mmoja alivuka kwenda kwa wajomba zake nchi ya pili, na hakuna aliyemfuatia. Afisa aliyeshika jalada akahamishwa, na jalada halikukabidhiwa kwa mtu. Mama alikuja mara ya pili, mara ya tatu, kila mara akiambiwa arudi. Kisha akaacha kuja. Mwanawe wakati huo alikuwa na umri wa miaka saba. Alikua akipita kila siku mbele ya nyumba ya mtu ambaye kijiji kizima kilisema ndiye aliyemwua baba yake. Aliyekatwa panga sokoni alikuwa mtoto wa mtu huyo, kijana ambaye siku ya kifo kile cha kwanza naye alikuwa mtoto mdogo asiyejua lolote.

Tulikwenda kutafuta kitabu cha mwaka ule. Tulikipata katika stoo nyuma ya kituo, nusu yake imeliwa na mchwa. Ukurasa wenye namba ya mama haukuwepo.

Kijana alihukumiwa, na sheria haikuwa na njia nyingine, kwa kuwa marehemu hakuwa amemkosea mtu. Mama yule alipoteza mume kwa kosa la jirani na mwana kwa kosa la mwanawe. Lakini katikati ya makosa hayo mawili kulikuwa na la tatu, nalo lilikuwa letu. Wazee husema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Sisi hatukuwa watenda, lakini tulisahau kwa niaba yao, na kusahau kwetu kulizaa maiti ya pili.

Mwaka 1934 mwandishi wa Uingereza, Agatha Christie, alichapisha riwaya maarufu ya treni iliyokwama kwenye theluji, ambamo aliyeuawa ni mtu aliyewahi kumteka na kumwua mtoto mdogo, akaiponyoka mahakama. Anakutwa na majeraha kumi na mawili, na msomaji, akisha kumjua ni nani, hamhurumii. Tunakiri kwamba hata sisi tulipokisoma hatukumhurumia. Lakini treni ile ina bahati moja: kitabu kinakwisha, abiria wanatawanyika, na hakuna mtoto wa marehemu anayekua akiyahesabu yale majeraha. Kijijini mambo hayaishi hivyo. Aliyeuawa sokoni kwa kisasi ameacha wadogo zake, na wadogo zake wanaijua njia ya kwenda kwa yule mama.

Tunayoyaomba na tunayoyaahidi

Ndugu zetu, tumalize kwa mambo machache yaliyo wazi.

Kwanza, katika sheria za nchi zetu hizi zilizotokana na sheria za Kiingereza, kosa la mauaji halina muda wa kuisha. Haidhuru limepita mwaka mmoja au thelathini. Mwenye habari ya kifo kilichonyamaziwa, na aje aiseme. Hatuwezi kuahidi kwamba kila jambo la kale litafika mahakamani, kwa sababu tulizokwisha kuzieleza. Twaahidi kwamba litaandikwa.

Pili, ukiripoti jambo kituoni, omba namba ya kumbukumbu, uitunze kama alivyoitunza mama yule. Kuandikisha malalamiko ni bure. Ukiambiwa rudi kesho zaidi ya mara mbili, muone mkuu wa kituo, au uje kwa ofisi yetu ya uhusiano. Hutakuwa umetusumbua.

Tatu, mpaka huu usiwe kichaka. Wasamia, Wateso na jamaa wengine mna ndugu pande zote mbili, na mji wa Busia una jina moja katika nchi mbili. Shahidi akivuka, tuambieni amevukia wapi. Hatuwezi kumfuata kwa miguu na bunduki katika nchi ya wenzetu, lakini ombi letu laweza kufika kwao kwa njia ya ofisi za Interpol za Kampala na Nairobi, na wakuu wa polisi wa ukanda huu wana umoja wao wa ushirikiano, ulioundwa mwaka 1998, kwa ajili ya mambo kama hayo.

Nne, kwa vijana: kisa cha zamani mlichosimuliwa jikoni au kilabuni si hukumu. Kileteni kwetu kama habari, msikibebe kama panga. Na mkimkuta mtu anayeshukiwa, mtoeni kwenye hatari, mtuite.

Tano, kwa maafisa wenzetu waliokaa nyuma ya ukumbi: mkihamishwa, kabidhini majalada kwa maandishi, jalada kwa jalada. Na kila mnapofika penye maiti, msiishie kuuliza nani alikuwa hapa jana. Ulizeni pia, kwa upole na kwa wazee, ni jambo gani katika kijiji hiki halikupata kumalizika.

Vitabu tulivyovitaja tumeviacha kwa walimu. Wanafunzi waviazime, na mkishavisoma tutarudi tuvijadili, mtuonyeshe tulipokosea. Na wazee wetu, ikiwa yupo kati yenu mwenye karatasi iliyokunjwa katika fundo la nguo, au asiye na karatasi ila ana jina la mtu moyoni, ofisi yetu iko wazi kesho tangu saa mbili asubuhi. Njooni na yale yanayotuhusu sisi pia. Tutaketi, tutasikiliza, na safari hii tutaandika.